Giza la Kukodisha

Fundi wa shirika la umeme alikuja Jumanne,
akapanda nguzo, akakata waya, akashuka,
akaniuliza mara mbili kama nina hakika.
Nikatia saini juu ya boneti ya gari lake.
Waya ulilala kwenye theluji
kama uzi wa kufumia uliomponyoka mtu usingizini.

Ndivyo tulivyoanza.
Ghala la babu: magogo, ghorofa mbili,
chini samaki, juu vitunguu,
hatua arobaini kutoka Ziwa Peipsi
(upepo ukisukuma barafu, thelathini).

Kaka yangu Zinovi alitandaza karatasi mezani:
paneli sita za sola, betri, choo cha majivu,
vitanda kumi na viwili, na ukimya.
Ukimya aliuandika kwa wino mwekundu,
bei yake pembeni.
Mgeni njoo, alisema, paa lipone.

Tuling'oa sakafu ya juu.
Chini yake maganda ya vitunguu ya miaka tisini,
makavu, mepesi, rangi ya chai ya rangi,
yamejaa hadi gotini.
Mlango ulipofunguliwa yakaruka yote.
Tukacheka, kisha tukanyamaza,
maana yalichukua muda mrefu mno kutua.

Tukakuta ndoano, kopeki moja, kiatu cha mtoto
(wa nani? hakuna anayejua),
na ukutani, kwa penseli, mwandiko wa babu Lavrenti:
Trifon, pishi mbili.
Fedosya, kapu moja, atalipa Pasaka.
Zinovi alikuwa na randa mkononi.
Nikamwambia, piga kwingine.

Harufu ya moshi haikutoka.
Tulisugua kwa magadi, kwa siki, kwa chokaa,
magogo yakazidi kunuka samaki.
"Basi tuiweke kwenye tangazo," akasema Zinovi.

Mwezi wa Mei tukamleta shangazi Ustinya,
miaka themanini na tisa, kitambaa kimefungwa kidevuni.
Kizingitini alijipiga msalaba kwa vidole viwili, kikale.
Tukamwonyesha jiko jipya la matofali ya zamani,
pampu ya mkono, mishumaa ya nta.
Yeye akaenda moja kwa moja kando ya mlango,
akapapasa ukuta palipokuwa na swichi.
Akapapasa tena.

"Umeme huu tuliungoja miaka kumi na mmoja.
Wanaume walichimba mashimo ya nguzo kwa shoka,
ardhi imeganda.
Siku ulipowaka, baba alivaa shati la ibada,
akaketi chini ya balbu, akatazama mikono yake.
Hakuwahi kuiona usiku, yote miwili kwa pamoja.
Mama akamwambia, zima, ni ghali.
Akasema, kidogo tu."

Zinovi aliinama kuokota msumari ambao haukuwepo.

"Na hao wageni, watalipa ngapi kukaa gizani?"
Tukamtajia.
Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.
Kisha, kwa sauti ile ya kuuzia vitunguu gulioni:
"Ongezeni. Na mkeka wa maganda je, mmeutupa?
Ndio uliokuwa ukizuia baridi."

Tulikuwa tumeutupa.

Wageni wa kwanza walifika Juni,
na Juni huku haina usiku wa maana.
Saa sita ziwa jeupe, mbu wako macho,
baba mtu kutoka Tartu anauliza kwa adabu
giza aliloahidiwa liko wapi.
Nikatundika magunia ya vitunguu madirishani.

Asubuhi binti yake alikuwa amepiga magoti ukutani,
kidole chini ya penseli, akisoma herufi kwa herufi.
"Fedosya alilipa?"
Nyuma yangu Zinovi alikuwa akihesabu mashuka.
Nikamwambia, Pasaka haijafika.